Kung'oa na Kubandua: Matumizi ya Joto katika Kutoa Vijenzi kwenye Bodi za Simu, kwa Kurejelea Mazingira ya Igowole, Mufindi

Utangulizi

Katika vibanda vya ufundi wa simu, kitendo cha kutoa kijenzi kwenye bodi hutajwa kwa vitenzi viwili, kung'oa na kubandua, na mara nyingi wasemaji hawavitofautishi. Makala hii inavitofautisha. Kung'oa ni kutoa kwa nguvu kitu chenye mizizi: jino, kisiki, mche wa mahindi. Mkazi wa Mufindi aliyewahi kusafisha shamba lililovunwa miti ya mbao anajua kwamba kisiki hakitoki peke yake. Hutoka na udongo wake. Kubandua, kwa upande mwingine, ni kitenzi cha kutendua, kinyume cha kubandika, kama vile kufungua kulivyo kinyume cha kufunga na kuzibua kinyume cha kuziba. Kinachobanduliwa hutoka baada ya kulegezwa kile kilichokishika, na mahali kilipotoka hubaki pazima.

Vijenzi vya simu za sasa havina mizizi. Vimebandikwa. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uharibifu mwingi unaotokea wakati wa kuvitoa husababishwa na fundi kung'oa kitu kilichopaswa kubanduliwa, na kwamba chanzo kikuu cha kung'oa huko ni upungufu wa joto mahali ambapo fundi anaamini joto limeshatosha. Dai hili linaweza kuonekana la ajabu, kwa kuwa lawama ya kawaida katika vibanda ni kwamba bodi "imeungua". Bodi huungua, ndiyo. Lakini nyingi huungua baada ya fundi kuona kijenzi kinakataa kutoka, akaongeza moto badala ya kuuliza moto wa kwanza ulikwenda wapi.

Igowole ni mji mdogo wa Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, ulioko kusini mwa Mafinga katika ukanda wa mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kosa la fundi ni ghali zaidi hapa kuliko mjini. Bodi mbadala au kipuri adimu hufuatwa Mafinga, Iringa mjini, au Kariakoo, Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 500, na kwa mkulima anayepokea malipo ya mazao yake kwa simu, wiki moja bila simu ni wiki moja bila pochi. Pili, baridi, mwinuko na ukungu wa nyanda hizi hubadilisha tabia ya joto kwa namna ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwingine hayaitaji. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hufundisha ufundi wa simu, lakini mafundi wengi wa miji midogo wamejifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine na kwa kutazama video za mtandaoni. Video huonyesha mikono ya fundi. Sababu ya mikono hiyo kufanya inachofanya haionekani, na inapoelezwa huelezwa kwa lugha ambayo mtazamaji haifahamu vizuri.

Kutoka redio hadi simu

Fundi wa redio wa miaka ya 1970 alikutana na tatizo la aina nyingine. Redio za National zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita zilikuwa na vijenzi vyenye miguu mirefu ya waya, kila mguu ukipenya tundu la bodi na kushikwa kwa lehemu upande wa pili. Lehemu, kwa maana ya kikamusi inayotumika katika makala hii, ni mchanganyiko wa metali laini unaoyeyushwa ili kuunganisha metali nyingine. Kutoa kijenzi cha namna hiyo kulihitaji kuyeyusha mguu mmoja, kuuvuta, kisha kwenda mguu wa pili. Pasi moja ya lehemu ilitosha. Hata kipande cha shaba kilichopashwa kwenye mkaa, kama cha mafundi wa mabati, kingeweza kufanya kazi hiyo.

Vijenzi vya kubandika viligeuza hesabu hiyo. Vilianza kujaribiwa Marekani katika miaka ya 1960 na kuenea viwandani katika miaka ya 1980. Havipenyi bodi, hukaa juu yake, kila ncha ikiwa imelala kwenye kipande kidogo cha shaba kinachoitwa pedi. Rezista au kapasita ya kawaida ndani ya simu ina urefu wa milimita 1.0 na upana wa milimita 0.5, yaani ni ndogo kuliko punje ya ulezi, na zipo zenye urefu wa milimita 0.6 tu. Saketi unganishi, ambazo mafundi huziita aisii, huwa na miguu kadhaa pembeni, au hazina miguu kabisa na badala yake hukalia makumi au mamia ya vitufe vya lehemu vilivyofichika chini ya tumbo lake. Fundi haoni viungo hivyo wala hawezi kuvigusa kwa pasi. Kwa hiyo sharti jipya likazaliwa: viungo vyote viyeyuke kwa wakati mmoja. Miguu saba ikiyeyuka na wa nane ukabaki mgumu, kijenzi bado kimefungwa, na nguvu yote ya mkono wa fundi huishia kwenye pedi hiyo moja.

Pedi yenyewe ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Shaba ya bodi ya kawaida ina unene wa mikromita 35, takriban nusu ya unene wa unywele, na ya bodi za simu mara nyingi ni nyembamba zaidi. Shaba hiyo imeshikizwa kwa gundi ya epoksi juu ya tabaka za nyuzi za kioo. Epoksi ya bodi huanza kulainika kati ya nyuzi 130 na 180 za sentigredi kutegemea aina yake. Lehemu ya simu nyingi za sasa, kama itakavyoelezwa, huyeyuka juu ya nyuzi 217. Msomaji ataona mkwamo uliopo: kabla lehemu haijakubali kuachia kijenzi, gundi inayoshika pedi imekwisha kulegea. Wakati ambao fundi anakaribia kufaulu ndio wakati ambao bodi inavumilia nguvu kidogo kuliko wakati mwingine wowote. Mafundi wenye uzoefu hawachokonoi kijenzi "kujaribu kama kimekubali", na sababu yake ni hiyo.

Lehemu tatu

Fundi asiyejua ni lehemu gani iko mbele yake anafanya kazi gizani. Lehemu ya zamani, yenye asilimia 63 ya bati na asilimia 37 ya risasi, huyeyuka kwa nyuzi 183, na sifa yake nzuri ni kwamba hutoka ugumu hadi umajimaji papo hapo bila kupitia hali ya ujiuji. (Bati linalotajwa hapa ni metali yenyewe. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Lugha yetu imeyapa jina la jirani.) Tarehe 1 Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia risasi katika vifaa vingi vya umeme ilianza kutumika, na kwa kuwa viwanda vya dunia havitengenezi simu za Ulaya kando na za Afrika, lehemu isiyo na risasi ikafika Igowole bila mtu kuiagiza. Iliyo maarufu zaidi ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, nayo huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Ya tatu ni ya bati na bismuthi, inayoyeyuka kwa nyuzi 138. Hutumika pale ambapo kijenzi hakivumilii joto kali.

Tofauti ya nyuzi 34 kati ya ya kwanza na ya pili ndiyo inayompa fundi mwanya. Akiyeyusha lehemu ya risasi juu ya viungo vya kiwandani, metali hizo huchanganyika, na mchanganyiko huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 183 badala ya 217. Hivyo, kuongeza lehemu kwenye kiungo unachotaka kukitoa, jambo linaloonekana kama kukaza fundo ili ulifungue, ni mojawapo ya mbinu bora za kubandua. Lehemu nyingi pia hushika joto kwa muda mrefu zaidi, na miguu yote ya upande mmoja ikiogelea katika dimbwi moja huyeyuka pamoja.

Lehemu ya bismuthi huleta unafuu mkubwa zaidi, lakini ina mtego. Bismuthi, risasi na bati vikikutana kwa uwiano fulani, huunda mchanganyiko unaoyeyuka kwa nyuzi 96 tu. Fundi aliyetumia bismuthi kutoa aisii ya zamani yenye risasi, kisha akabandika mpya bila kusafisha pedi, anaweza kuacha kiungo kitakacholegea siku simu itakaposahauliwa juani kwenye dashibodi ya gari huku ikifanya kazi nzito. Simu itarudi, na mteja atasema fundi alimwibia kipuri.

Joto linakwenda wapi

Bloa, yaani kifaa cha hewa ya moto, huonyesha namba. Fundi huweka 350 na kuamini kwamba bodi iko kwenye nyuzi 350. Namba hiyo ni ya kihisi kilichomo ndani ya mkono wa bloa, karibu na waya unaopasha. Hewa hupoa mara itokapo mdomoni, hupoa zaidi kwa kila sentimita inayosafiri, na inapofika kwenye bodi hutoa joto lake kwa kitu ambacho kazi yake kubwa, kwa wakati huo, ni kulisambaza mbali.

Shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko epoksi yenye nyuzi za kioo. Bodi ya simu ina tabaka kadhaa za shaba, na baadhi yake zimeenea karibu eneo zima la bodi kama njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Pedi iliyounganishwa na tabaka hilo hunyonywa joto kama maji yanavyonyonywa na mchanga, wakati pedi ya jirani yake, iliyounganishwa na njia nyembamba tu, hupata moto upesi. Huu ndio ufafanuzi wa mguu wa nane usioyeyuka. Fundi anaona lehemu inang'aa upande mmoja, anainua, na upande uliounganishwa na tabaka pana unabaki na kipande cha kijenzi au unakuja na pedi yake.

Dawa ya hali hii iko chini ya bodi. Ikipashwa kutoka chini kwa sahani ya moto hadi nyuzi 100 au 150, taratibu, shaba yote hushiba joto kabla bloa haijawashwa juu. Tuchukue asubuhi ambayo kibanda kina nyuzi 15, na kiungo kinatakiwa kifike 235 ili lehemu isiyo na risasi iyeyuke kwa hakika. Safari ni nyuzi 220. Bodi iliyopashwa hadi 120 imebakiza nyuzi 115, takriban nusu ya safari, na nusu hiyo ya mwisho bloa huimaliza kwa sekunde chache badala ya dakika mbili za kuchoma sehemu moja. Muda ambao kiungo kinakaa juu ya kiwango cha kuyeyuka unapaswa kuwa mfupi, chini ya dakika moja au zaidi kidogo, na kasi ya kupanda kwa joto isizidi nyuzi mbili au tatu kwa sekunde. Kapasita za kauri hupasuka kwa joto la ghafla. Ufa wake hauonekani kwa macho, na simu huanza kula chaji bila sababu inayojulikana.

Sahani ya moto ndicho kifaa ambacho vibanda vingi havina, na kwa maoni yangu fedha ya kwanza ya fundi mwenye bloa moja ingefaa kwenda huko kabla ya kununua bloa ya pili iliyo bora. Asiyekuwa nayo anaweza kupunguza pengo kwa kuzungusha hewa ya bloa kwa umbali wa sentimita tano au sita juu ya eneo pana la bodi kwa dakika moja au mbili, kisha kusogea karibu na kijenzi. Kuweka bodi juu ya jiko la mkaa hakufai: joto lake halipimiki, halilingani kila mahali, na mkaa ndani ya kibanda kilichofungwa kwa ajili ya baridi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imeua watu wengi nyumbani.

Bloa katika nyanda za juu

Sehemu kubwa ya nyanda za Mufindi imeinuka zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wapishi wanajua athari ya mwinuko huo hata kama hawaitaji kwa jina: maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na maharage hukawia. Lehemu haifuati tabia ya maji. Kiwango chake cha kuyeyuka hakibadiliki kwa mwinuko wa namna hii. Kinachobadilika ni hewa. Kwa mwinuko huo uzito wa hewa katika ujazo uleule ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Feni ya bloa inayosukuma ujazo uleule wa hewa, kwa nyuzi zilezile 350, hufikisha kwenye bodi joto pungufu. Maelekezo ya video iliyorekodiwa katika mji wa pwani, "350, sekunde 40", yakifuatwa neno kwa neno Igowole hayatoshi, na fundi atamalizia upungufu huo kwa mkono.

Mwezi wa Juni na Julai huongeza baridi juu ya hayo, pamoja na upepo unaoingia mlangoni. Kukinga meza dhidi ya upepo kwa kipande cha mbao au boksi ni jambo dogo lenye faida kubwa.

Lipo pia suala la umeme. Kipasha joto cha bloa ni waya wa ukinzani, na nguvu yake hupungua kwa mraba wa volti. Bloa ya wati 700 iliyoundwa kwa volti 230, ikipewa volti 180 jioni ambapo kila nyumba imewasha, hutoa wati 430 hivi. Kidhibiti chake kitajaribu kufikisha namba iliyowekwa, na kwa hewa ndogo kitaweza. Fundi akiongeza hewa, kitashindwa. Mita ya kawaida ikichomekwa kwenye soketi kabla ya kazi ya aisii kubwa itamwambia fundi kama jioni hiyo aendelee au aiache kazi hadi asubuhi.

Ukungu

Chai hustawi Mufindi kwa sababu ya mvua na ukungu, na ukungu huohuo huingia ndani ya aisii. Plastiki inayofunika chipu hunyonya unyevu polepole kutoka hewani. Ikipashwa ghafla hadi nyuzi 230, maji yaliyomo hugeuka mvuke ambao ujazo wake ni zaidi ya mara 1,000 ya ujazo wa maji, na plastiki hutuna au kupasuka kwa ndani kwa mlio mdogo kama wa bisi. Viwanda hushughulikia hatari hii kwa kukausha vijenzi kabla ya kuvipasha. Viwango vya sekta hutaja nyuzi 125, 90 na 40. Kadiri joto la kukaushia linavyopungua ndivyo muda unavyorefuka, kuanzia saa kadhaa hadi siku nyingi. Fundi wa Igowole anaweza kuiacha bodi, ikiwa imevuliwa betri, skrini, kamera na kila kitu cha plastiki kinachotoka, kwenye sahani ya moto ya nyuzi 90 kwa saa nyingi kabla ya kazi. Simu iliyotumbukia majini inahitaji hili zaidi ya zote, nayo ndiyo inayoletwa kwa haraka kuliko zote.

Namna ya kubandua

Kabla ya yote, betri ya lithiamu itolewe na kuwekwa mbali. Vifuniko vya chuma viondolewe, vijenzi vya jirani vifunikwe kwa tepu inayohimili joto au karatasi ya alumini, na flaksi ipakwe kwa ukarimu. Flaksi ni utomvu au kemikali inayoondoa kutu ya metali na kuifanya lehemu itiririke. Bila yake lehemu huvaa ngozi ya oksidi na kuonekana ngumu hata ikiwa imeyeyuka.

Rezista na kapasita ndogo hutolewa vizuri zaidi kwa pasi mbili, moja kila ncha, au kwa pasi moja pana yenye tone la lehemu linalogusa ncha zote mbili. Hakuna haja ya bloa. Aisii yenye miguu pembeni humiminiwa lehemu ya risasi kwenye safu za miguu kama ilivyoelezwa, kisha bloa huzungushwa juu ya safu hizo, kamwe isisimame mahali pamoja.

Soketi ya chaji inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi inayopatikana kila siku. Ina plastiki ndani, ina miguu midogo ya umeme na masikio manene ya chuma yaliyozama katika tabaka pana la shaba. Yaani kila ugumu uliotajwa umekusanyika katika kijenzi kimoja. Ikipigwa bloa kutoka juu, plastiki huyeyuka kabla ya masikio kulegea. Joto lije kutoka upande wa pili wa bodi, baada ya masikio kuongezwa lehemu ya risasi, na hewa ielekezwe kwenye masikio kwanza. Miguu midogo itafuata yenyewe. Anayeanza na miguu huikuta imeshayeyuka mara tatu wakati masikio bado yamekaza, na pedi zake, ambazo hubeba taarifa na umeme wa chaji, ndizo zinazokwenda.

Kwa aisii ya vitufe hakuna cha kuona isipokuwa dalili moja, nayo ndiyo kipimo cha kuaminika kuliko namba yoyote. Lehemu iliyoyeyuka ina mvutano wa uso, kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Chipu inayoelea juu ya vitufe vilivyoyeyuka vyote, ikisukumwa kidogo mno kwa ncha ya kibanio, husogea na kurudi yenyewe mahali pake. Ikisogea bila kurudi, au isiposogea, kuna kitufe kigumu. Fundi asubiri na asiongeze nguvu. Ikirudi, inyanyuliwe wima, bila kuinamishwa. Kisha bodi iachwe ipoe yenyewe. Kuipuliza kwa mdomo ili ipoe haraka huipinda. Pedi husafishwa kwa utepe wa shaba wa kufyonza lehemu uliopakwa flaksi, ukiwekwa na kuinuliwa ukiwa bado wa moto. Utepe uliopoa juu ya pedi nao umebandikwa, na kuuvuta ni kung'oa.

Kuhusu afya, woga wa wengi umeelekezwa mahali pasipo sahihi. Risasi haigeuki mvuke wa kutosha kudhuru kwa nyuzi 350. Moshi unaoonekana ni wa flaksi, na utomvu wa misonobari uliomo husababisha pumu kwa anayeuvuta kwa miaka. Feni ndogo inayovuta moshi kuupeleka dirishani inasaidia. Risasi huingia mwilini kwa mikono: fundi anayeshika lehemu asubuhi na kumenya chungwa saa nne bila kunawa kwa sabuni amekula risasi, na mtoto anayeletwa kibandani kucheza chini ya meza ameila zaidi.

Kubandua ili kutumia tena

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu kuokoa bodi. Katika mji ambako vipuri viko mbali, fundi hubandua pia ili kuokoa kijenzi, akikitoa kwenye bodi iliyokufa akitie katika simu ya mteja. Hapa vipaumbele hugeuka. Bodi ya mfu inaweza kuungua na hakuna anayelalamika, hivyo ipashwe kutoka chini kadiri inavyowezekana, hata juu ya kiwango cha kawaida, ili kijenzi kisilazimike kupokea joto kupitia mwili wake. Kila kijenzi kilichookolewa kimepitia moto mara mbili tayari, wa kiwandani na wa fundi, na kitapitia wa tatu kikibandikwa. Vijenzi vingi hutengenezwa kuvumilia mipasho mitatu hivi. Kipuri kilichotolewa na kurudishwa mara nne kwa majaribio kimetumika hata kama bado kinapimika vizuri kwenye mita. Bodi za mfu zihifadhiwe zikiwa nzima, kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, na kijenzi kitolewe siku kinapohitajika. Kijenzi kilicholegea ndani ya kopo la ukungu hunyonya maji haraka na hakina jina.

Kijenzi kimoja hakina mbadala katika bodi yoyote ya mfu, nacho ni chipu ya kumbukumbu. Fedha za mteja ziko kwenye akaunti yake katika mtandao wa simu na hurudi kwa laini mpya, lakini picha ya mama aliyefariki, kama haikutumwa kwa mtu, ipo ndani ya chipu hiyo na si kwingineko. Katika simu nyingi za karibuni yaliyomo yamefungwa kwa ufunguo uliomo kwenye aisii kuu, kwa hiyo kuihamisha chipu peke yake kwenye bodi nyingine hakuyarudishi, na mara nyingi njia iliyobaki ni kuifufua bodi ileile. Fundi asiye na sahani ya moto, jioni ya Julai, kwa volti 180, anaweza kujaribu soketi ya chaji na akipoteza akalipa. Chipu ya kumbukumbu haina malipo. Amwambie mteja hivyo kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, na simu isafirishwe hadi kwa mwenye vifaa, hata kama ni Iringa mjini au Dar es Salaam, ikiwa imezimwa, imevuliwa betri, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.